Chuma Hakikai Mgongoni

Msinitazame hivyo. Mimi Yuliana nimelea watoto saba kwenye mlima huu, kule juu ya Mlali, na wote walikulia mgongoni mwangu. Mteremko wetu huupandi na mtoto mikononi. Mkono mmoja umeshika jembe, wa pili unashika majani usije ukaporomoka, na kichwani una tenga la karoti. Mtoto anakaa kwenye mbeleko, basi.

Mjukuu wangu Glory alizaliwa nyayo zimegeukia ndani, zinatazamana. Majirani wakaanza maneno yao, eti mama yake alimcheka mlemavu akiwa mjamzito. Nikawaambia wafunge midomo. Mama yake, binti yangu Devotha, alimpeleka hospitali mjini akiwa na wiki tatu tu. Kila Alhamisi walishuka. Mtoto anafungwa hogo la plasta, wiki inayofuata linatolewa, mguu unanyooshwa kidogo, anafungwa lingine. Wiki ya saba, jamani, nyayo zilikuwa zimenyooka! Nililia. Nilizibusu moja moja.

Hapo ndipo walipompa vile viatu, viwili vidogo vilivyounganishwa na chuma katikati, upana wa mabega yake. Laurenti, mtaalamu wa miguu pale kliniki, alinitazama mimi, siyo Devotha.

"Bibi, hivi havivuliwi ila wakati wa kuoga. Miezi mitatu hivyo hivyo. Baada ya hapo atavivaa kila anapolala, usiku na mchana, mpaka afike miaka minne. Akilia msimvue. Mchelea mwana kulia, hulia yeye."

"Kulia siogopi, baba," nikamjibu. "Nimelea saba."

Ningeuliza palepale: na mgongoni atakaaje? Sikuuliza. Nani anamuuliza daktari habari za mbeleko?

Glory alipofika miezi minne, Devotha akarudi kazini kiwandani mjini, anakolala wiki nzima, maana asingerudi nafasi yake ingechukuliwa. Nikabaki na mtoto na kile chuma. Siku ya kwanza nilimfunga mgongoni. Miguu ikakataa kunizunguka, chuma kikanichoma mbavuni, naye akapiga yowe. Siku ya pili nilimbeba mikononi, nikateleza kwenye tope, tukaanguka wote wawili. Siku ya tatu nilimwacha kwa jirani yangu Mwamvita, lakini Mwamvita naye ana shamba. Saa nne akaniletea. Siku ya nne nikamvua viatu, nikamfunga mgongoni.

Kwa saa moja tu, nilijiambia. Ikawa asubuhi nzima. Na mtoto wa mgongoni hulala, nyie hamjui? Alilala tangu naanza kulima mpaka jua la saa sita. Jioni namvalisha, nakaza mikanda. Devotha akija Jumapili anamkuta na viatu vyake, anasema, "Ahsante, mama." Loo! Ile ahsante ilinichoma, na Jumatatu namvua tena.

Glory alipotimiza mwaka na nusu, mguu wa kushoto ulikuwa unakanyagia ubavu, umegeukia ndani tena. Tukashuka kliniki. Laurenti akajaribu kuunyoosha, ukagoma. Akamgeukia Devotha.

"Mama Glory, mlikuwa mnamvua viatu?"

"Haki ya Mungu, hata siku moja."

"Wazazi wote husema hivyo," akasema, akashika kalamu yake.

Mwanangu akainama. Machozi yakamdondokea mtoto kichwani. Mimi nimekaa pembeni, na nina mdomo mimi, muulizeni yeyote Mlali, lakini siku ile mdomo ulikuwa mzito. Mwisho nikasema, "Ni mimi. Nilikuwa nambeba."

Hakuna aliyenigombeza. Afadhali wangenigombeza. Devotha alinitazama tu, akamfuta mtoto nywele. Laurenti akauliza taratibu, "Bibi, kuna mtu mwingine wa kumshika ukiwa shambani?"

Nikawaza. Nikawaza tena, nyumba baada ya nyumba, mlima mzima.

"Hakuna."

 Laurenti akaanza kulowesha plasta.

Sasa tuko nyumbani. Glory ana hogo mpaka pajani, na Alhamisi ijayo linabadilishwa. Yakiisha hayo, viatu vinarudi na chuma chake kilekile. Devotha amerudi kiwandani, tutamlaumu kwa lipi? Karoti zimekomaa, mvua ikizikuta ardhini zitaoza. Leo asubuhi nimechukua jembe. Glory ameniona kutoka kwenye mkeka, akajikokota na lile hogo mpaka mlangoni, akaninyooshea mikono yote miwili.

"Bibi, mgongo."

Ndiyo maneno yake ya kwanza kuyasema vizuri. Nimemwambia, "Leo hapana, mama yangu." Hakuelewa. Amekaa hapo ananingoja niiname.