Maua ya Maboga Mbele ya Padri

Nyumbani kwetu Mfaranyaki ua lilikuwa mboga. Wapo majirani waliokuwa na mawaridi, sitaki kuwasingizia, lakini kwetu ua lililokauka bila kuliwa lilikuwa limechelewa kuonekana tu.

Nilikuwa darasa la tatu nilipochaguliwa kuwa mmoja wa wasichana wa kumwaga maua mbele ya padri kwenye maandamano ya Ekaristi. Niliitaka nafasi ile kuliko nilivyoitaka mbingu, Mungu anisamehe, kama ni kosa. Gauni jeupe tuliazima. Kikapu tuliazima. Maua hakuna aliyekubali kutuazima, maana hayarudi.

Asubuhi mama akanipeleka nyuma ya choo, kwenye maboga.

"Chuma madume tu," akasema. "Lenye kiboga chini yake ukiligusa, leo utamwaga na meno."

Nikachuma madume. Yalikuwa ya njano, yamefunuka kama mdomo wa tarumbeta. Mpaka leo sijaona ua zuri kuliko yale, ingawa huenda najidanganya: sijaona maua mengi, na niliyoyaona harusini mengi yalikuwa ya plastiki.

Kanisani tukamkuta mama mlezi wa watoto.

"Tumsifu Yesu Kristo," mama akamsalimu.

"Milele amina. Mama nanihii, hii si mboga?"

"Ni maua."

"Ni maua ya mboga!"

"Na hayo ya wenzake ni maua ya miiba. Mbona hujauliza?"

Wasichana wakadakia. "Kamletea padri kitoweo! Ugali uko wapi?"

Nilicheka, kwa sababu ilichekesha. Kisha nikalia, kwa sababu mlezi alinitoa mbele akaniweka nyuma kabisa, karibu na wanakwaya wa besi. Nisimwonee: alitaka mambo yapendeze, na kabla ya kunitoa alinifunga vizuri mkanda wa gauni.

Tukaanza kutembea. Wasichana wa Ruhuwiko, wenye mawaridi yao uani, walimwaga kwa fujo kama wanalisha kuku. Kabla hatujafika altare ya pili ya njiani vikapu vikawa vitupu, wakabaki wanarusha hewa, kwa adabu lakini.

Mlezi akaja nyuma mbio, kanga inamponyoka.

"We mtoto wa mboga, umebakiza?"

"Shikamoo," nikajibu, kwa woga.

"Marahaba. Umebakiza?"

"Yote."

"Njoo mbele!"

Sasa, ua la boga likipigwa jua hujikunja. Yangu yalikuwa yamelala kikapuni kama soksi zilizolowa. Nikafikiria kumwambia mlezi, nikaona atanirudisha kwenye besi. Nikayamwaga hivyohivyo, nimemgeukia padri: goti chini, mkono juu, pwata. Goti chini, mkono juu, pwata.

Mama alikuwa kando ya barabara. Akamwambia jirani, kwa sauti ambayo nadhani na padri aliisikia, "Yule wangu. Yule anayemwaga mboga."

Ua moja likanata kwenye ncha ya kiatu cha padri. Sala zote nilizofundishwa zikanitoka kichwani. Kila alipoinua mguu, ile njano ilichungulia chini ya kanzu yake, ikazama, ikachungulia tena, mpaka altareni.