Kikapu cha Kahawa Kaisho

Mama yangu alizikwa Jumamosi kwenye kibanja chetu cha migomba Nyabiyonza. Jumatatu mimi nilikuwa Kaisho na kishikwambi mkononi, nikiwauliza watu kama wana huzuni.

Msimamizi wangu alinipa ruhusa ya wiki nzima, nikaikataa. Mimi ndiye mtoto pekee, na kwetu matanga hayaanuliwi mtoto wa marehemu akiwa hayupo. Nililijua hilo, nikawaacha majirani wamekaa kwenye majani yaliyotandikwa msibani, nikaenda kazini. Sikuwa nimelia. Picha ya mama niliiweka kwenye kundi la simu, pole zikamiminika, nikazijibu zote kwa alama ileile ya viganja vilivyounganishwa, kama karani anayegonga muhuri.

Kazi yenyewe ilikuwa utafiti wa afya ya akili ya wakulima. Kanuni zilikuwa mbili: usipokee kitu kwa mhojiwa, na usionyeshe hisia. Ya pili niliimudu vizuri sana.

Ya kwanza ndiyo iliyoharibu kazi. Huku mgeni huletewa kahawa ya kutafuna kwenye kikapu kidogo, na asiyechukua hakuja kuzungumza. Nilikuwa nakataa kwa adabu, nao wakinijibu kwa adabu: hapana kabisa, hapana kabisa, tunamshukuru Mungu. Kwa siku mbili sikupata mtu hata mmoja aliyewahi kukosa usingizi. Nikabonyeza, nikatuma.

Jumatano nilimkuta mama mmoja mjane akichambua maharage barazani. Nikamwamkia, akaitika, akaleta kikapu. Nikasema siruhusiwi. Akakiweka kati yetu, akaendelea na maharage yake, na kila nilichouliza alijibu hapana kabisa bila kuinua macho. Swali la saba lilihusu kukosa hisia hata panapostahili kulia. Nililisoma. Kisha nikalisoma tena, kwa kuwa nilikuwa nimesahau kama nimeshalisoma.

Akainua macho. "Mwanangu, hilo unaniuliza mimi?"

Nikamwambia kuwa mama yangu tumemzika Jumamosi, kwa sauti ileile ya kusomea maswali. Hakusema pole. Alikisogeza kikapu mpaka kikagusa goti langu. Nikachukua punje mbili, nikatafuna. Machozi hayakuja, ningependa kusema yalikuja.

Akaniambia nianze upya. Safari hii majibu yalibadilika: siku nyingi, karibu kila siku, tangu mume wake alipofariki. Tulipomaliza, kishikwambi kiliniagiza nimpe karatasi yenye namba ya mshauri. Aliipokea, akaikunja, akanirudishia.

"Hii kaa nayo wewe. Mimi watu walinikalia matanga mwezi mzima. Watu wako bado wamekaa, nenda."

Nikapanda bodaboda. Nilifika Nyabiyonza kabla jua halijazama, nikawakuta majirani saba, wote wenye umri wa mama. Hakuna aliyeniuliza nilikotoka. Walisogea, nikakaa kwenye majani kati yao.

Kisha jirani yetu wa karibu, yule aliyemwosha mama, akawageukia wenzake. "Amekuja," akasema. "Basi kesho tuanue, keshokutwa tukavune maharage. Kwa mvua hii yameshaanza kuota ndani ya maganda."

Nikayafikiria maharage yao, yasiyovunwa kabla ya matanga kuanuliwa, siku zote zile yakinyeshewa mvua mimi nikiwa Kaisho. Hapo ndipo nilipohisi kitu, na kilikuwa aibu.