Makinda ya Chozi Barazani

Chozi jike alikuwa ametundika kiota chake kwenye waya chini ya bati la baraza letu, hapa Segese, na fundi alikuwa anakuja kulibandua bati hilo Jumamosi. Haikuwezekana kuahirisha kazi hiyo. Siku nyingine zote yuko ndani ya duara lake, shimo refu la wachimbaji, anachimba dhahabu, na mama alitaka baraza liezekwe upya kabla ya mvua ya kwanza.

"Makinda wakiruka kabla hajafika, sawa," alisema. "Wasiporuka, mimi sinyeshewi kwa ajili ya ndege."

Makinda walikuwa wawili. Nina shahada ya wanyamapori na sina kazi, kwa hiyo nilikuwa na muda mwingi wa kuogopa. Mishubiri ambayo mama ameipanda uani kwa dawa ya kuku ilikuwa inamalizia maua. Nikawaza: maua yakiisha, mbochi utaisha, utamu huo ukiisha, makinda watadhoofika, wakidhoofika, hawataruka. Nikakoroga sukari na maji kwenye kizibo cha soda, nikakining'iniza karibu na kiota.

"Umesoma miaka yote hiyo uje kuwapikia ndege chai," mama akasema.

Jike hakukigusa. Nikakaa kumtazama. Alizamisha mdomo wake uliopinda kwenye ua la mshubiri, akanywa, akashiba yeye. Kisha akaruka hadi pembe ya ukuta, akachomoa buibui kwenye utando, akampeleka kiotani. Akarudi kuchukua mwingine. Makinda hulishwa buibui na wadudu, si mbochi; swali hilo niliwahi kulijibu vizuri kwenye mtihani. Na asubuhi hiyohiyo nilikuwa nimefagia utando wote wa upande wa kushoto, maana mama hataki utando uonekane hata na mtu anayekuja kubomoa.

Nikamwomba mama tuuache uliobaki. Alinitazama sana, kisha akauchukua ufagio akaenda kuuweka jikoni.

Jirani alipopita akasimama, akatusalimu kwa Kisukuma. "Mwangaluka. Siku hizi buibui wamepanga kwako? Kodi wanalipa?"

"Wanaliwa," mama akajibu, akiendelea kuchambua mchele.

Jumamosi ikafika, makinda wana manyoya lakini bado wamo ndani. Fundi alipoingia nilimwamkia shikamoo mara mbili.

"Marahaba," akasema. "Na ile ya kwanza pia."

Akaegemeza ngazi. Kabla sijapata la kusema, mama alimwambia, "Anzia upande wa jikoni."

Msumari wa kwanza ulipolia, kinda mmoja alichomoka akatua kwenye mpapai, akiyumba. Wa pili alibaki mlangoni mwa kiota. Dume, kifua chekundu kama kaa la moto, alikuwa juu ya ukuta akiita. Fundi aliacha nyundo hewani.

"Toka, mjukuu," mama akasema polepole.

Akatoka. Alipita juu ya mishubiri, juu ya ukuta, hadi kwenye miti ya jirani. Mama akapiga vigelegele, na jirani akachungulia kuuliza kama kuna harusi.

"Wameruka wote," nikamwambia, sauti yangu ikiwa kubwa kuliko nilivyokusudia.

Fundi akashuka, akaihamishia ngazi upande wa kiota.