Mtu wa Nne Katika Picha ya Mapipa

Niliondoka nyumbani Kisumu asubuhi moja bila mpango wowote. Shule nilikuwa nimeiacha darasa la nne, si kwa kukosa karo, bali kwa sababu mwalimu alitumia mwaka mzima kutufundisha kitabu nilichokimaliza kwa wiki mbili. Baba yangu, mfanyakazi wa reli, alinitazama nikifunga mfuko akauliza, "Leo ni wapi?"

"Sijui, Baba."

"Basi ukifika, tuandikie."

Hakushangaa, maana haikuwa mara ya kwanza. Mfukoni nilikuwa na shati moja, blanketi, na kipande cha sabuni nilichokifunga kwa gazeti. Popote nilipolala miaka ile, asubuhi sabuni ilirudi mfukoni. Sikuwahi kuiacha dirishani kama mtu mwenye kwake.

Nilipanda treni, nikateremka Nakuru kwa sababu njaa ilikuwa imenishinda. Hiyo ilikuwa miaka ya hamsini, siku za pasi, ile karatasi ya ruhusa ya kusafiri, na kuulizwa unatoka wapi. Nilinunua mihogo ya kuchemsha stesheni, nikala nikitembea, mpaka nikafika kwenye dirisha la studio ya picha. Ndani ya kioo kulikuwa na maharusi, watoto wa ubatizo, na katikati yao picha moja ambayo haikuwa na undugu na zile nyingine: Mzungu aliyevaa kofia ya ukingo mpana, amesimama kati ya wanaume wawili wenye makoti marefu.

Mwenye studio alitoka. Alikuwa Mhindi mfupi mwenye vidole vilivyogeuka rangi ya chai kwa dawa za kusafishia picha. Baadaye nilimwita Tajiri, kama tulivyowaita waajiri wote wakati ule.

"Wewe nataka picha ama nataka kivuli?" aliniuliza.

"Huyu wa katikati amekosa nini?"

"Nani nasema yeye iko na kosa?"

"Hawa wawili hawamtazami uso. Wanamtazama mikono."

Tajiri aligeuka akaitazama picha yake mwenyewe kwa muda mrefu. Kisha akaniuliza kama najua kufagia. Hivyo ndivyo nilivyoanza kazi, na siku ile ya kwanza nilifagia studio mara tatu ili nisitoke.

Vijana wa leo mnaponiuliza kazi yangu ilikuwa nini, mnacheka kabla sijamaliza. Nilikuwa mtunza picha za majambazi. Miaka ya ishirini, Marekani ilipiga marufuku pombe nchi nzima. Watu hawakuacha kunywa, waliacha kunywa hadharani tu. Magenge yakatajirika kwa kuipika na kuisafirisha kwa siri, na wapiga picha wa magazeti wakawafuata kila mahali: mahakamani, mazishini, kando ya malori yaliyokamatwa. Miaka ilipopita, magazeti mengine yalifungwa na makabati yao yakauzwa kama karatasi kuukuu. Tajiri alikuwa na mtu huko aliyemtumia vifurushi kwa meli. Pamoja na picha kulikuja vitu: chupa bapa ya bati iliyopindwa ili ikae vizuri pajani chini ya suruali, lebo za dawa ya kikohozi zilizobandikwa kwenye chupa za wiski, na kadi ndogo ambayo mtu aliionyesha kwenye tundu la mlango ndipo afunguliwe baa ya siri.

Mambo hayo sikuhitaji kuelezwa mara mbili. Mwafrika wa wakati ule hakuruhusiwa kuuziwa wiski, na mama aliyenipangisha chumba, Mama Rebeka, alipika chang'aa na kuificha chini ya kitanda cha mgonjwa ambaye hakuwa mgonjwa. Nilipomwonyesha ile chupa ya pajani alicheka mpaka akakaa chini. "Kumbe hata Wazungu," alisema. "Lakini hii ni ndogo, mwanangu. Huyu alikuwa anaanza."

Tajiri alinifundisha kusoma picha ya gazeti, maana haisomwi kama picha ya harusi. Unaanza nyuma. Huko utakuta mhuri wa gazeti, na kijikaratasi cha maelezo kilichogundishwa, kinachosema ni nani, wapi na lini. Ukikibandua, umewaua watu wote waliomo, kwa kuwa hawana majina tena. Kisha unageuza mbele, unatafuta mistari ya kalamu ya nta kwenye pambizo, inayoonyesha mhariri alitaka ikatwe wapi. Ndani ya mwaka mmoja niliweza kukuambia picha ilichapishwa mara ngapi kwa kuhesabu mihuri tu. Kwa mara ya kwanza maishani, asubuhi iliponikuta sikutamani barabara.

Wateja wa picha hizi hawakuwa wengi. Mkubwa wao alikuwa Bwana wa Dundori, mlowezi aliyelima viazi na kufuga ng'ombe wa maziwa huko juu, na ambaye ujanani alikuwa amefanya kazi kwenye gazeti la Marekani. Alikuja siku za Jumamosi na gari lenye harufu ya maziwa, akaiinua kila picha dirishani na kuilaza upande, ili mwanga uteleze juu yake na kufichua alama za kalamu na brashi za watu wa gazeti, ambazo alizithamini kuliko nyuso. Alikuwa na kabati zima la picha hizi nyumbani kwake. Alipopenda kitu hakusema. Alivua kofia.

Kifurushi kimoja kilileta picha aliyokuwa ameitafuta miaka mingi: wanaume watatu kando ya lori la mapipa, mmoja amenyoosha kikombe. Tajiri alimtumia habari kwamba imefika, naye akajibu kwamba atakuja Jumamosi. Tajiri akaenda Gilgil kupiga picha za harusi. Aliniacha na neno moja: "Hii chunga kama jicho."

Niliichunga kupita kiasi. Nyuma ya wale watatu kulikuwa na doa kubwa la kijivu, kama ukungu. Picha za zamani za wateja wetu zilikuja na ukungu kila siku, nasi tulikuwa na njia yetu ya kuuondoa: kipande cha pamba kwenye kijiti, kikaloweshwa kwa mate, kikazungushwa polepole. Mate hayachubui karatasi kama maji ya bomba. Nilifanya hivyo kwa heshima yote, nikitaka Tajiri arudi aikute inang'aa. Ukungu ulitoka vizuri. Ulitoka vizuri mno.

Chini yake akatokea mtu wa nne. Alikuwa askari polisi, mwenye vifungo na beji, na ndiye aliyekuwa akinyooshewa kikombe. Alikuwa anacheka.

Niliigeuza picha nikasoma kijikaratasi. Kilitaja watu watatu tu. Ndipo nikaelewa kwamba ule haukuwa ukungu, bali rangi. Mtu wa gazeti alikuwa ameketi na brashi akamfuta yule askari kabla picha haijachapishwa, na rangi hiyo ndiyo Bwana wa Dundori aliyokuwa akiitafuta. Nami nilikuwa nimeilamba yote kwa pamba.

Rangi tulikuwa nayo. Sisi pia tulirekebisha nyuso za watu kwa brashi, tukiondoa chunusi na makovu, na mkono wangu ulikuwa mwepesi. Nilichanganya nyeupe na nyeusi mpaka nikapata kijivu kilekile, nikachovya brashi, nikaishusha juu ya uso wa askari. Hapo mkono ukasimama. Sisemi ni uadilifu. Ni kwamba sikukumbuka rangi ya kwanza ilipita wapi. Ilifunika bega lote au nusu? Ilishuka mpaka kwenye gurudumu? Sikuwa nimeandika chochote kabla ya kuigusa. Ningepaka, ningekuwa natunga tu. Niliosha brashi.

Tajiri aliporudi nilimweleza kabla hajavua koti. Aliichukua picha, akakaa kwenye kiti cha wateja, kile chenye mgongo wa kuchongwa.

"Kwa nini wewe hapana paka tena?"

"Sikumbuki ilivyokuwa, Tajiri."

"Yeye pia hapana jua."

"Ataijua. Huwa anailaza."

Aliilaza picha magotini. Kisha akasema, "Jumamosi wewe nasema na mdomo yako. Mimi hapana sema."

Siku zile tatu za kuingoja Jumamosi sikulala vizuri wala kula. Mfuko wangu ulikuwa ukutani na sabuni ilikuwa ndani, na treni ilipita kila siku. Mama Rebeka aliniambia waziwazi, "Wewe si mtu wa kutoroka? Toroka basi. Sasa ndiyo wakati wake." Nilijishangaa nikimjibu kwamba kuna picha kumi na moja ambazo sijamaliza kuzisoma.

Bwana wa Dundori alifika. Nilisimama mbele yake nikamweleza, kwa Kiswahili cha polepole, kuanzia pamba mpaka brashi niliyoiosha. Aliipeleka picha dirishani akailaza. Aligeuza, akasoma kijikaratasi, akageuza tena. Kofia ilibaki kichwani.

"Hii picha nakufa," alisema.

"Ndiyo, Bwana."

"Hii askari, wewe naona yeye nafanya nini?"

"Anakunywa kwanza, Bwana. Kukamata ni baadaye."

Tajiri alikohoa kwa hofu. Bwana alinitazama kama anayeangalia ng'ombe asiyejulikana ni wa nani, akaiweka picha mezani, akatoka bila kuaga. Hakununua hata picha nyingine.

Tajiri hakunifukuza. Alifunga sanduku la picha za magazeti kwa kufuli na kunirudisha kwenye ufagio na kuosha trei za dawa. Ile picha alinipa. "Chukua," alisema. "Hii sasa iko yako." Nilimaliza wiki nyingi hivyo, nikifagia kando ya sanduku nisiloruhusiwa kulifungua. Ningeweza kuondoka asubuhi yoyote. Ndiyo adhabu pekee niliyowahi kuivumilia mpaka mwisho.

Halafu siku moja gari lenye harufu ya maziwa lilisimama nje, likiendeshwa na dereva wa Dundori, mzee Mkisii mwenye maneno machache. Alishusha sanduku la viazi na barua. Tajiri aliisoma mara mbili, ndipo akanitafsiria, maana Kiingereza changu kilikuwa cha majina na tarehe za vijikaratasi tu. Bwana alikuwa ameketi na kabati lake, akalaza picha moja moja, akagundua kwamba hajui ni ngapi zenye rangi na rangi imefunika nini. Alitaka mtu wa kuandika kila picha ilivyo kabla mkono wowote haujaigusa. Barua iliishia hivi: Nipe yule aliyefuta. Huyo hatarudia.

Tajiri alikunja barua. "Wewe naenda?"

"Ukiniruhusu, Tajiri."

"Mimi nafundisha, yeye nachukua," alisema. Lakini aliniandikia barua ya njiani, maana bila barua hukupanda Dundori siku zile, na akanipa kioo chake cha kukuzia.

Niliifanya kazi ile huko juu mpaka nilipostaafu, chini ya Bwana na kisha chini ya watu walionunua kabati baada yake. Wenzangu wananiuliza kama ni kazi ya kujivunia, kutunza nyuso za wahalifu wa nchi ya mbali. Nawajibu kwamba sikutunza wahalifu. Nilitunza alama za watu waliowatazama: kalamu ya mhariri, gundi ya karani, brashi ya mtu aliyeagizwa kufuta. Nimeziandika zote kwenye madaftari, na sheria yangu ni moja, ile niliyoinunua kwa mate yangu mwenyewe: andika kwanza, gusa baadaye. Nimeridhika.

Lakini ninapofikiria kazi hii, mawazo yangu husimama kwenye siku ile ya kufika. Dereva alinionyesha chumba nyuma ya nyumba ya maziwa, ukuta wa mbao, kitanda cha kamba, dirisha linalotazama viazi. Kulikuwa na baridi na jua la saa nne.

"Utakaa siku ngapi?" aliniuliza.

Nilitundika picha ya mapipa kwenye msumari, askari akicheka. Nilikunjua blanketi. Kisha nikatoa sabuni kwenye gazeti lake, nikaiweka dirishani.

"Nitakuambia, mzee," nilisema.

Aliitazama sabuni. "Umeshaniambia," akajibu, akaenda kuegesha gari.