Jibu la Mwenye Mji

Asubuhi ile, kijijini Nyansurura, nilifunga begi nikaondoka tu. Niliacha shule darasa la sita na sijawahi kujua kutulia. Bodaboda wa kwanza kusimama alikuwa anaelekea Tarime, nikapanda, na baada ya kubadilisha mara mbili nikajikuta Matongo.

Pale kulikuwa na msimamizi wa utafiti wa maoni, kijana wa chuo, amekwama. Hajui Kikurya, na mkalimani wake ameugua. Kikurya ndicho cha kwetu, nikachukua kazi hiyo kwa udadisi. Kuingia kwenye miji ya watu, boma kwa boma, na kuwauliza wanawaza nini! Nilidhani hakuna kazi tamu zaidi.

Katika mji wa nne, simu ya msimamizi ilipiga kura ya nani ajibu, ikamwangukia mama wa mji huo. Mumewe akasogeza kigoda chake mbele yake.

"Simu imemchagua mama, mzee," nikasema.

"Simu imekosea. Mwenye mji ni mimi. Au simu yenu ndiyo imetoa ng'ombe wa mahari? Uliza, mura, kijana wewe."

Msimamizi akanikonyeza niendelee. Nikauliza, mzee akajibu. Mama alikuwa anapukuchua mahindi, hakuinua kichwa. Tulipofika kwenye swali la kama mhojiwa ana uhuru wa kusema anachofikiri, mzee akasema, "Anao. Tena mwingi." Kuhusu mila ya kukeketa wasichana akasema iendelee. Nikabonyeza jibu hilo kwenye simu. Msimamizi akajaza yaliyobaki: mwanamke, mkulima, amehojiwa faraghani.

Hatujafika barabarani, mama akatufikia na ndoo tupu kichwani, anahema.

"Lile la kukeketa," akaniambia kwa Kikurya, "mimi nasema hapana. Binti yangu anaingizwa kwenye mila hiyo Desemba hii. Andikeni."

Nikatafsiri.

"Fomu imeshatumwa, mama," msimamizi akasema.

"Imeenda na jina langu?"

"Hatuandiki majina."

"Kwa hiyo imeenda na nini changu?"

Msimamizi akatazama saa. Alisema jibu moja halibadilishi kitu, na bado tuna miji miwili kabla ya jua kuzama. Mama akanigeukia. "Wewe unayezunguka, unajua nyumba inayopokea wasichana wanaokimbia kukeketwa?" Sikujua. Akaenda zake mtoni.

Mara ngapi nimesikia redioni kwamba wanawake wa huku wenyewe wanaing'ang'ania mila, nikatikisa kichwa, nikaamini? Nilikuwa nimeona jinsi maoni ya mwanamke yanavyopatikana: mdomo wa mumewe, kidole changu. Kisha wataalamu watachora mchoro na kueleza mwelekeo wa jamii. Huyo kijana alinichukiza, lakini yeye hakujua lugha. Mimi nilijua.

Nilimrudishia msimamizi kitambulisho cha kazi alichonivisha shingoni, nikaondoka nikimuuliza njiani kila aliyekubali kuulizwa nyumba hiyo iko wapi. Wengine walicheka. Mmoja aliniambia niache mambo ya wanawake. Hatimaye nikafika Machochwe, mahali ambapo sikuwahi kukanyaga, nikabisha kwenye nyumba ya wageni. Mama mwenye nyumba alinitajia bei ya chumba. Nikamuuliza kabla hata sijashusha begi.

"Ya wasichana? Ipo Mugumu," akasema. "Ila wakati wa kukeketa inajaa upesi. Ni wa kwako?"

"Hapana."

Alinitazama kidogo, akanipa ufunguo. "Kesho uamke mapema."