Abiria wa Gari Jekundu

Msije mkanambia niliota. Ilikuwa adhuhuri, jua la utosi, na mikono yangu yote miwili iko kwenye usukani. Wala mimi si mtu wa kuona majini kila kichaka. Nimefundisha hesabu miaka zaidi ya thelathini, waulizeni wanafunzi wangu kama nadanganyika kirahisi.

Mambo yalianza na gari. Gari la spoti, jekundu, milango miwili, liko chini hata ukilipanda unahisi umekalia lami. Hapa Mtambile lilikuwa moja tu, la Khamis, karani wa ghala la karafuu, mtu wa Gando, aliyeletewa na mjomba wake kutoka Uarabuni. Nilikuwa msichana wa skuli. Likisikika linapanda mlima, mimi hujifanya nafunga kamba ya kiatu ili nibaki nyuma ya wenzangu. Nililipenda gari au nilimpenda dereva? Vyote viwili, sina wa kumwonea haya sasa. Siku moja alisimama akanambia, "Iko siku takupandisha hino, twende Gando ukawaone wazee wangu." Mnaelewa maana yake. Nikacheka, nikakimbia, sikumjibu kitu. Mwaka haujesha, baba akaniozesha Chake.

Khamis hakuoa. Alipofariki akazikwa kwao Gando, na gari likabaki bandani kwa dada yake hapa Mtambile, kuku wakitagia ndani. Mimi nikafiwa na mume, nikastaafu, nikarudi kwetu, na kiinua mgongo changu kikaishia kwenye lile banda. Wanangu waliona nimerukwa na akili. Bi Time, dada yake, alinipa ufunguo akasema, "Chukua, mwenzangu. Gari hino haikupata kupandwa na mwanamke."

Fundi alihangaika nalo mwezi mzima. Siku ya kwanza kulitoa, nje kidogo ya Mtambile, pale watu wanapoanika karafuu majamvini ukingoni mwa barabara, mwanamume akanipungia. Nikasimama. Akafungua mlango, akakaa kushoto kwangu.

"Wenda wapi?" nikamuuliza.

"Gando."

Hapo ndipo nilipomtazama. Shati jeupe lililopigwa pasi, uso uleule, umri uleule. Mimi nina miaka sitini na mbili, yeye hata thelathini hajatimiza. Niaminini, kabla ya hofu niliona haya kwa mikunjo yangu.

Sasa, kila mtoto wa Pemba anajua: ukikutana na usiyemwelewa saa za jua la utosi, mtolee salamu. Binadamu ataitikia. Asiye binadamu hawezi, atatoweka. Nami kwa furaha ya gari nilisahau kuitoa. Ilikuwa ulimini tayari. Nikaimeza, maana sikutaka atoweke. Nani angetaka?

Nikaendesha. Tukapita Chake, tukapita Wete, napunguza mwendo mpaka baiskeli zinatupita. Alikuwa amenigeukia tu, ananitazama, nami nikadhani anangoja tufike. Wallahi nilikuwa na furaha ambayo ndoa yangu yote haikunipa, Mungu amrehemu mume wangu.

Gando, karibu na makaburi, akasema, "Niteremshe hapa." Nikasimama. Alipogusa kitasa nikaona basi, anakwenda hata nikinyamaza. Mdomo ukajifungua wenyewe.

"Assalaam alaykum, Khamis."

Akageuka, akatabasamu. "Waalaykum salaam warahmatullahi wabarakatuh." Aliitikia yote, polepole. "Nilidhani hata leo hutaki kusema na miye."

Kiti kikawa kitupu. Sikuona mlango ukifunguka.

Aliitikia! Mnafahamu? Alikuwa yeye. Mtambile mpaka Gando, mtu niliyemtamani maisha yangu yote alikaa ubavuni mwangu akingoja nimsemeshe, nami nilinyamaza nikidhani ndiyo namna ya kumbakisha.

Huu mwaka wa tatu. Kila Ijumaa nalitoa gari, njia ileile, nasalimu kila aliyesimama ukingoni. Wote huitikia haraka, kisha huomba niwashushe Chake sokoni. Wanangu hawalipandi.

Basi nyinyi mnaonisikiliza, kama yupo mtu moyoni mwenu, msemesheni leo. Mimi nilipewa nafasi mara mbili, na mara zote mbili nilinyamaza.