Mkasi Uliomsubiri Baba

Mama yangu alikuwa na njia kichwani. Ilianzia juu ya sikio moja, ikapita utosini, ikashuka hadi sikio la pili, pana kama vidole viwili, na hapakuota unywele hata mmoja. Ilikuwa njia ya kamba. Tangu usichana wake alibeba mihogo na kuni mgongoni, akishuka kutoka mashamba ya mlimani mpaka nyumbani kwetu Fizi, na kamba ya kikapu ilikaa kichwani. Alikunja jani la mgomba akaliweka chini ya kamba ili isimkate, lakini miaka ilikuwa mingi kuliko majani. Wanawake wote wa rika lake walikuwa na njia hiyo. Mimi ninayo pia, nyembamba zaidi, kwa sababu niliolewa huku Baraka kando ya ziwa, na mizigo yangu ikawa mabeseni ya ndagala, wale samaki wadogo wa ziwani.

Labda kwa sababu ya njia yake, mama alizihurumia nywele zangu. Jumamosi mchana alitandika mkeka nyuma ya nyumba, nami nikakaa katikati ya magoti yake. Alifungua nyuzi za juma lililopita moja moja, wala hakukata hata uzi mmoja kwa haraka. Aliniosha kwa sabuni aliyoipika mwenyewe kwa mawese na majivu ya maganda ya ndizi, akanisuuza mara tatu, maana alisema majivu yakibaki kichwani yatakula nywele. Kisha akachovya ncha za vidole katika mafuta ya mise, yale meusi yanayotoka katika kokwa za mchikichi zilizokaangwa, yenye harufu ya moshi. Alipaka kidogo sana. Hadi leo nikikutana na harufu hiyo sokoni husimama, na wauzaji hudhani nataka kununua.

Sala zangu za kwanza nilizijua hapo, uso wangu ukielekea ziwani kwa mbali, kichwa kikiwa mikononi mwake. Nikikosea neno, mkono ulisimama. Nikilisema sawasawa, mkono uliendelea. Baadaye nilisoma mafundisho ya dini kwa miaka mingi, nikafundisha watoto wa kanisa wengi nisioweza kuwahesabu, lakini sidhani kama kuna darasa lililolishinda lile la mkekani.

Nilidhani nimerithi mikono ya mama na kwamba mambo ya kichwa nayajua. Mwaka jana kichwa cha mjukuu wangu kilinionyesha kiasi cha ujuzi wangu.

Ana miaka kumi na sita, na huniita Koko, yaani bibi. Tunaishi naye hapa Baraka, pamoja na mama yake, mke wa mwanangu. Mwanangu mwenyewe yuko Misisi, anachimba dhahabu, na huonekana nyumbani mara chache kwa mwaka. Ilipokaribia sikukuu ya kwaya, mjukuu wangu na rafiki yake walitafuta defrizan, ile dawa ya kunyoosha nywele, wakapakana nyuma ya jiko nikiwa sipo. Dawa ilipoanza kuwachoma, wakakimbilia bidoni la maji. Lilikuwa tupu. Kila mmoja alidhani mwenzake ameenda bombani asubuhi. Rafiki alikimbia bombani, akakuta akina mama wamepanga mabidoni yao mstari mrefu, nao hawakumpisha mtu. Mjukuu wangu hakuweza kungoja. Alikimbia hadi ziwani na kichwa cheupe kwa dawa, na watu waliomwona wakacheka wakidhani ni mchezo.

Kesho yake, ili kuficha, alisukwa meshi ndefu, zile nywele za bandia, zikavutwa kwelikweli. Juu akafunga kitambaa. Akaimba hivyo siku ya sikukuu, na mimi nilikuwa mstari wa mbele nikimshukuru Mungu kwa sauti yake.

Zikapita wiki mbili. Jumapili moja, wakati wa maombi, nikamwona anajikuna kwa kalamu chini ya kitambaa. Sikufumba macho vizuri siku ile, Mungu anisamehe.

"Fungua kitambaa," nikamwambia tulipofika nyumbani.

"Koko, iko muzuri. Ni jasho tu."

"Jasho haina harufu hii."

Alikifungua huku anatazama chini. Kando ya paji la uso nywele zilikuwa zimekwisha, na katikati ya misuko ngozi ilikuwa na magamba ya manjano yaliyopasuka. Sikumgombeza. Nilitandika mkeka, nikafungua meshi kwa siku mbili, nikilainisha kwa maji ya uvuguvugu. Nyingine zilitoka na nywele zake, naye akaziokota na kuzikusanya kwenye kanga yake kana kwamba zingeweza kurudishwa.

Hapo ndipo nilipofanya kosa langu. Nilileta chupa ya mafuta ya mise na kumpaka kichwa kizima, vidonda na vyote, nikiwaza mkono wa mama. Asubuhi mto wake ulikuwa umegandana na kichwa, na vidonda vilikuwa vinatoa maji.

Tulikwenda kituo cha afya. Muuguzi aliyetupokea ni kijana niliyemfundisha kanisani alipokuwa mdogo. Aliangalia, akanusa, akanitazama mimi.

"Mama, kichwa si sombe. Hapana kumimina mafuta kila fasi."

Mjukuu wangu akacheka kidogo puani, kichwa chake kufananishwa na kisamvu. Mimi nikakubali aibu yangu.

Alitueleza kwamba hayakuwa mapunye. Ngozi iliungua, kisha uchafu ukaingia chini ya misuko. Akampa vidonge, akasema tuoshe kwa maji yaliyochemshwa na kupoa, bila kusugua. Mafuta yangoje mpaka ngozi ifunge. Lakini kabla ya yote, nywele zilizobaki zikatwe chini kabisa, hewa ifike. "Zikibaki, kidonda kitakula mpaka mizizi, na hapo hazitaota tena."

Nilipofika nyumbani nikachukua mkasi. Mke wa mwanangu, ambaye siku zote husema nami kwa adabu ya mkwe, akasimama mbele ya mtoto.

"Hapana, Mama. Si kukata."

"Muganga njo amesema."

"Minajua amesema. Lakini baba yake iko mu mashimo. Mwezi muzima hatusikie sauti yake. Tukimunyoa huyu mutoto, njo tunamuzika bwana yangu akingali muzima."

Kwetu kichwa cha msichana kikinyolewa, watu hawaulizi ni ugonjwa gani. Wanauliza nani amekufa. Siku ya kumaliza kilio watoto wa marehemu huketi mstari mmoja, mtu mzima wa ukoo akawanyoa, na nywele zikafukiwa. Kumnyoa mtoto ambaye baba yake hajulikani kama yu hai ni kama kumfungulia kifo mlango.

Nimefundisha miaka mingi kwamba uhai umo mikononi mwa Mungu, si katika mkasi. Ningeweza kusema hivyo, na kama mama wa nyumba ningeweza kukata bila ruhusa. Lakini mwezi ule mzima, kila simu ilipolia kwa namba nisiyoijua, niliiacha ilie kwanza kabla ya kuipokea. Nilikuwa na hofu ileile, nikiificha chini ya mafundisho. Niliweka mkasi mezani.

Tukajaribu njia ya katikati. Kila asubuhi niligawanya nywele kwa mpini wa kitana, nikaosha kidonda kimoja kimoja, nikapepea pakauke. Jioni nywele zilikuwa zimeshikamana tena. Siku ya tatu mtoto alipata homa. Aliniuliza akiwa amelala ubavu:

"Koko, itaota tena?"

Nilitamani sana kusema ndiyo. "Sijui," nikasema. "Tutaangalia pamoja."

Mama yake alisikia kutoka mlangoni. Akafunga kitenge chake, akaenda mahali piki-piki za Misisi zinaposimama, akamkabidhi dereva mmoja ujumbe kwa mumewe: mtoto anaumwa kichwa, aje.

Kesho yake mchana mwanangu alishuka kwenye piki-piki, mwekundu kwa vumbi hadi kwenye kope. Nilimshika mikono yote miwili kabla sijasema neno, na nikasikia mke wake anapumua nyuma yangu.

"Mutoto eko wapi? Baliniambia anakufa!"

"Eko ndani. Na simu yako?" mke wake akauliza.

"Ilianguka mu maji ya shimo."

"Na mudomo yako ilianguka pia? Kule Misisi nzima hakuna muntu wa simu?"

Aliinama kwa binti yake, akakiangalia kichwa muda mrefu, kisha, aliposikia muuguzi alisema nini, akauliza kwa nini hakusikilizwa. Tukamweleza. Nilimwona anamtazama mke wake, akiielewa ile hofu ya mwezi mzima ambayo hadi siku ile hakuna aliyemwambia.

"Leteni mukasi," akasema. "Mi njo nitakata. Nani atalilia muntu mwenye kushika mukasi?"

Alimketisha binti yake mlangoni, kwenye mwanga, mahali kila mpita njia angewaona. Niliuchemsha mkasi kwanza. Alikata kwa mkono mzito wa mchimbaji, polepole, ulimi ukiwa nje kama mtoto anayejifunza kuandika. Nywele hazijajaa kwenye kitambaa tulichotandika, jirani yetu akaingia uani mbio, amejifunga kitenge kiunoni tayari kwa kilio.

"Yoo, bandugu, poleni! Nani tena?"

"Ni mi, mama," mwanangu akasema bila kuinua kichwa. "Nilikufa na njaa. Bugali haiko kwenu?"

"We mutoto mubaya! Nimeacha sombe yangu ku moto!" Akampiga mgongoni kwa kitambaa, vumbi la Misisi likaruka, na sote tukacheka, mgonjwa wetu kuliko wote. Kisha mjukuu wangu akapitisha mkono juu ya kichwa chake, akakosa cha kushika, akalia. Baba yake aliweka mkasi chini akamshika mabega mpaka alipomaliza kulia.

Homa iliondoka baada ya siku chache. Tuliosha kwa maji yaliyochemshwa kama tulivyoagizwa, na hatukupaka kitu. Kwangu hiyo ndiyo ilikuwa kazi ngumu, kukaa na chupa ya mafuta ndani ya nyumba bila kuigusa. Magamba yalipodondoka yenyewe, muuguzi akaniruhusu. Nilipaka kidogo, kwa ncha ya kidole, na usiku akafunga kitambaa laini kisichobana. Wenzake wa kwaya walimtania mwanzoni, yeye akawaambia baba yake ni kinyozi wa Misisi. Baba huyo alikwisha kurudi mashimoni, na sasa anapiga simu kila Jumapili, hata kama ni kwa simu ya kuazima.

Nywele ziliota. Zilianza kisogoni, laini, kama za mtoto mchanga, nami nikamshukuru Mungu kwa kila sehemu iliyofunikwa. Juu ya sikio la kushoto pana mahali padogo ambapo hadi leo hapajaota, na sitamdanganya mtu kwamba pataota.

Mwezi uliopita zilifika urefu wa kushika uzi. Mama yake aliomba asuke yeye. Nilikaa karibu nikimwelekeza hivi na vile, mpaka akaniambia, "Mama, wacha na mi nijaribu," nikanyamaza. Alianza upande wa kushoto. Aliuzungusha uzi, akavuta, na mtoto akainua bega.

"Mama, hapo."

"Wapi?"

"Hapo, ku sikio. Inauma."

Mkono wa mama yake ulisimama. Aliufungua uzi wote, akaziacha nje zile nywele changa za ukingoni, zikasimama bila kufungwa na kitu, akaanza upya nyuma zaidi.